Maji ya Jabia ya Bi Khairiya

Kosa lenyewe lilitokana na usafi. Nerea alikuwa mtu wa kupangusa kila kitu kwa spiriti: meza, glavu, na chupa za maji alizochota Pate, kabla hajazifungua maabara. Spiriti ikafuta wino. Akabaki na chupa mbili zisizo na jina, moja ina maji maangavu, nyingine maji yenye ukijani kidogo. Alijua kwamba moja ni ya jabia la Bi Khairiya, tangi la maji ya kunywa ya mji, na nyingine ni ya birika la msikiti ambalo watu hutilia udhu. Mwingine angezimwaga zote akarudi kuchota upya. Lakini Pate haifikiki mpaka maji yajae, na Nerea alikuwa hoi kwa uchovu. Maji ya kunywa ndiyo maangavu, akajiambia, akaandika majina upya. Msomi wa viumbe visivyoonekana kwa macho, na maji anayapima kwa macho!

Kazi yake na wenzake wa maabara ilikuwa kujua ni viumbe gani wanaishi katika maji ya visiwa hivi, wale wadogo kabisa. Nerea aliwapenda. Angeweza kukukalisha asubuhi nzima akikueleza kwamba tone moja la mkondo wa mikoko kule Mkokoni lina aina nyingi za bakteria kuliko aina zote za ndege wa Kenya, na kwamba wengi wao hawana ubaya wowote na mtu. Kipimo cha bakteria wa kinyesi hakikuwa hata shabaha yake. Kilikuwa cha haraka tu, kikatoka kwanza, kikaonyesha kwamba maji ya jabia ni machafu. Alisimama mbele ya wanakijiji akawaambia hivyo bila kusita, na sauti yake ilikuwa nzuri.

Baadaye yakaja majibu marefu, yale ya kutambua kila kiumbe kwa jina. Ndani ya chupa ya "jabia" kulikuwa na bakteria wa matumbo ya samaki, na wale wanaoishi kwenye ngozi ya miguu ya watu. Nerea alisoma mara mbili. Jabia ni tangi la chokaa la kuvuna mvua, halina samaki. Lenye samaki ni birika, visamaki vinavyofugwa humo ili kula viluwiluwi vya mbu.

"Tutarekebisha kwenye ripoti," alisema Philip, mkuu wake. "Wameambiwa wachemshe maji. Kuchemsha maji kumemuua nani?"

Nerea angetamani sana kumsadiki. Alipanda mashua ya abiria ya Pate kesho yake.

Alimkuta Bi Khairiya ameketi kwenye ukingo wa jabia. Ndani mlikuwa mkavu, kuta zimekwanguliwa mpaka zikaonyesha mawe, harufu ya klorini inapanda. Maji yote yalikuwa yamemwagwa mchangani, na masika yalikuwa mbali.

"Ndoo, mwanangu, ndoo," mama yule alimwita asogee, akamshika mikono yote miwili kabla hajafungua kinywa. "Mola amekuleta yeo hii. Wewe ndiwe uliyebaki. Siku ile nalikupa kata ya mai ukanwa. Niwie radhi, mwanangu. Wallahi sikujua."

 Bi Khairiya aliendelea, hakuwa na haraka. Jabia lile alilijenga kwa ajili ya mwanawe Taufiq aliyefariki, sadaka jaria, ili kila anayekunywa thawabu zimfikie marehemu. Aliposikia kwamba maji ni machafu aliona kwamba badala ya thawabu amekuwa akimpelekea mwanawe dhambi. Akazunguka mji mzima, nyumba kwa nyumba, akiomba radhi kwa kila aliyewahi kuchota. Wote walimsamehe, isipokuwa Bwanamkuu, mtunzaji wa msikiti. Mtoto wa Bwanamkuu alikuwa ameharisha mpaka akalazwa hospitali ya Amu na kutiwa maji ya mishipa.

"Kanifungia mlango," alisema. "Ana haki."

"Bi Khairiya, jabia lako halikuwa na kitu," Nerea alisema. Kisha maneno yakamtoka kwa fujo: spiriti, wino, chupa mbili, samaki. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akajifunika uso kwa buibui lake. Mabega yalitikisika. Nerea hakujua aweke wapi mikono yake.

Alipojifunua, macho yalikuwa mekundu lakini makavu. "Twende kwa Bwanamkuu," alisema. "Ukamwambie wewe, kwa mdomo wako."

 Nerea alimfuata kwenye vichochoro kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu.

Bwanamkuu alifungua mlango nusu. Alipomwona Bi Khairiya alitaka kuurudisha, Nerea akawahi kusema. Alisema yote tena, safari hii kwa mpangilio, na alipofika kwenye samaki akaona uso wa mtu yule unabadilika. Nerea alikuwa amesahau, au alijisahaulisha, kwamba mtunzaji wa msikiti ndiye anayewalisha samaki wale.

"Kwa hiyo mai mabovu ni ya birika," Bwanamkuu alisema polepole.

"Ndiyo, Bwana."

"Mwanangu hujifunza udhu pale. Mimi namfunza. Husukutua, wakati mwingine humeza."

"Hakuna anayeweza kusema kwa hakika ni maji gani yaliyomuuguza," Nerea alisema. Ilikuwa kweli tupu, na alipaswa kuisema mwanzo, pale mbele ya wanakijiji, alipojiona anajua. Sasa ilisikika kama kisingizio, na Bwanamkuu hakuisikiliza hata kidogo. Aliegemea mlango.

Kisha akatoka nje pekupeku, akamwendea Bi Khairiya. "Niwie radhi," alisema. "Nalikufungia mlango, na hukunikosea."

"Nimekuwia radhi," Bi Khairiya alimjibu papo hapo. "Birika huoshwa. Nami n'takuja kukusaidia."

Nerea akashusha pumzi. Akaanza kueleza namna ya kuliosha bila kuua samaki, na kwamba atarudi na chupa mpya, atazichonga majina kwa sindano, wino hautatumika tena, na kwamba mkuu wake ataandika barua rasmi. Maneno hayakumwishia. Alikuwa amefika kwenye aina za klorini pale Bi Khairiya alipomgusa mkono.

"Tangu ulipokuja umetueleza mambo mengi, mwanangu," alisema kwa upole. "Mimi nimekuomba radhi. Huyu ameniomba mimi. Wewe bado hujamwomba mtu."

Nerea akaiacha klorini yake hapo hapo.

"Niwie radhi, Bi Khairiya," alisema, na sauti haikuwa nzuri hata kidogo.

Bi Khairiya alimtazama sana. "Nitakuwia, inshallah," alisema. "Lakini si yeo."