Kitulizamwendo

Fundi Spana hakuwa mtu wa kukosa la kusema, ila siku aliyokwenda kuposa, jamani, mdomo ulimkauka utadhani kabwia unga.

Shida haikuwa binti. Binti alishakubali zamani. Shida ilikuwa baba mtu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, aliyeapa kwamba neno la Kiingereza halivuki kizingiti chake. Televisheni kwake ilikuwa runinga, friji ilikuwa jokofu, na ole wako umwombe chaja.

"Kijana," mwalimu alimwambia, "gari langu linasumbua, lipo hapo uani. Litazame. Ukimaliza bila neno la Kiingereza, binti ni wako. Likikuponyoka hata moja, mlango ule pale."

Fundi wa gari bila Kiingereza! Gia, klachi, plagi, injini, vyote vilifika na majina yao kama mgeni yeyote anavyofika na jina lake, na hakuna aliyejisumbua kuvibatiza upya. Leo mtu mzima aanze kusema "kile" na "hiki" kama mtoto? Lakini Spana alimpenda yule binti kufa, akajitosa.

Boneti akaiita mfuniko. Betri ikawa ghala la umeme. Plagi, baada ya kukuna kichwa sana, zikawa vichokozi vya moto.

"Vichokozi vya moto!" Mwalimu alipiga paja kwa furaha. "Mama watoto, umesikia? Alama zote!"

Mkewe alikuwa mlangoni anakunja nguo. Alisikia, akaguna tu. Binti alikuwa dirishani anauma kucha.

Spana akaingia chini ya gari, na huko akaona balaa. Bomba limetoboka, mafuta ya breki yamemwagika yote. Akatoka mbio, uso umejaa vumbi.

"Baba, kuna hatari! Kitulizamwendo hakitulizi!"

"Kitulizamwendo!" Mwalimu aliruka kitini. "Miaka yote niliyofundisha sijapata kulisikia! Umefaulu, mwanangu, umefaulu! Ngoja nilitoe hili gari, twende kwa mwalimu mwenzangu akakusikie."

"Baba, mwendo hautatulia!"

"Safi kabisa!" Mwalimu akajitupa ndani, akawasha gari.

Ua wenyewe ulikuwa mteremko mtupu hadi kwenye ukuta wa jirani. Gari likaanza kushuka, mwalimu akipunga mkono dirishani, tabasamu hadi masikioni. Spana akamtazama binti. Alijua akifumbua mdomo amempoteza. Akaufumbua.

"Breki hamna! Baba, breki! Vuta breki ya mkono!"

Mwalimu akavuta kwa mikono miwili. Gari likalia, likasimama kiganja kimoja tu kutoka ukutani.

Spana akaanza kuokota vifaa vyake, machozi yanamlenga, wala hakuyaficha. Mwalimu akashuka.

"Unakwenda wapi?"

"Limeniponyoka, baba. Tena si mara moja."

"Nimelisikia." Mwalimu alijifuta jasho. "Yale mengine nilikuwa nayasahihisha tu, mwanangu. Sikuwa nakusikiliza. Hilo ndilo lililonifikia."

"Sasa binti anaozwa au haozwi?" mkewe akadakia, nguo bado mkononi. "Maana uliapa wewe. Na nusura tukuzike na kiapo chako."

"Anaozwa." Mwalimu akashusha pumzi, kisha uso ukamkunjamana kwa wasiwasi mpya. "Lakini siku ya harusi, ile... ile tamu, wanayokata bwana na bibi harusi, tutaiita nini?"

"Keki, baba," binti akasema dirishani, huku analia na kucheka.

Mwalimu akageuka, akautazama ukuta wa jirani.

"Haya," akasema. "Keki."