Tambara la Shingoni

Kitendawili, wewe unayesoma. Sikusikii ukisema tega, lakini nitatega hivyohivyo: hakuna anayekitaka, na kila anayekipata hatulii mpaka amempa mwenzake. Ni nini?

Umeshasema mafua. Nilijua. Wajukuu zangu wote husema mafua, isipokuwa mmoja ambaye husema upele, na huyo ana sababu zake. Mmekaribia, lakini sicho. Wala usinipe mji. Mji niufanyie nini na magoti haya? Kaa nikusimulie, jibu litakuja lenyewe, na nadhani utalisikia kwa pua kabla hujaliona.

Mimi nafua mashuka ya hoteli. Chumba chetu kiko nyuma, kinapakana na mapipa ya taka. Kina mabeseni ya saruji, mashine moja inayotetemeka kama mwenye homa, na meza ndefu ya kupigia pasi. Tuko watu watatu humo. Kuna mimi. Kuna Mpiga Pasi, mwanamume mnene ambaye mvuke umemlainisha mashavu mpaka anang'aa kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Na kuna mke wa mwanangu. Mwanangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, kwa hiyo huyu mkwe wangu ndiye ninayeishi naye nyumba moja na kufanya naye kazi chumba kimoja.

Watu humwita Redio. Alikuwa akiamka anaongea, akifua anaongea, akitafuna anaongea. Nikimtega kitendawili hanipi jibu moja, ananipa matatu, mawili ya uongo, na ule uongo ndio unaochekesha.

Sasa ujue jambo moja kuhusu mimi: sina kinyaa. Aliyefua mashuka ya wageni kwa muda wote huu ameona kila kinachotoka mwilini mwa binadamu. Damu naijua, matapishi nayajua, na mengine siyataji maana huenda unakula. Nayaloweka, nayafua, nanawa mikono, naenda kula chakula changu cha mchana kwa raha. Kwa hiyo nikikwambia kuna kitu kilinitia kichefuchefu, niamini.

Redio alikuwa anaumwa mikono. Dawa ya madoa ilikuwa imeanza kumla. Ngozi ya vidole ilichanika ikabanduka kama ganda la kitunguu, na nyama ya chini ikawa nyekundu, inatoa majimaji. Nyumbani nilikuwa nikimpaka mafuta, anauma kona ya kanga, huku anaendelea kuongea. Daktari hakumzungusha. Alimwambia, toka kwenye maji na dawa hizo, la sivyo hiyo mikono haitakufaa tena kwa kazi yoyote.

Pakavu hotelini ni mapokezi tu, na mapokezi wanataka Kiingereza. Basi mama meneja, aliyekuwa mgeni kazini, akatangaza kwamba nafasi ipo, na yeyote kati yetu wa huku nyuma anaweza kuipata akijua Kiingereza cha kuanzia. Ataletwa mwalimu, kisha yeye mwenyewe atakuja kutupima.

“Mama,” Redio aliniambia siku hiyo, “mimi naogopa nini? Lugha ndiyo sina. Mdomo ninao.”

Mwalimu akaja. Tulimpa jina la Tai, kwa sababu ya tai yake nyekundu aliyoikaza mpaka macho yakamtoka. Darasa lilikuwa humohumo chumbani, baada ya kazi, tumekaa juu ya marobota ya mashuka. Siku ya kwanza akatoa kijiko mfukoni, akakiinua.

“Wot iz dhis?”

Hakuna aliyejua. Akajijibu mwenyewe, “Dhis iz a spun,” na sisi tukaitikia. Akainua kikombe, wot iz dhis. Akashika kiti, wot iz dhis. Mimi nikamgusa Redio kwa kiwiko, nikamnong'oneza, “Kumbe Kiingereza ni vitendawili.”

“Lakini vya watoto wadogo, mama,” akasema, “maana jibu lenyewe amelishika mkononi.”

Tukacheka. Nilifurahi, sitakuficha. Sina ugomvi na Kiingereza chenyewe. Nilijiona nimerudi darasani, nina daftari jipya na meno yangu yote.

Ndipo Tai akafungua mfuko wa plastiki. Kwanza ikatoka harufu. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyolala juani, na ndani yake kama kuna panya. Kisha akavuta kitu kwa vidole viwili, kidole kidogo amekisimamisha juu kama anakunywa chai kwa wakubwa. Lilikuwa tambara la deki, la rangi ambayo haina jina, lina ukungu mweusi pembeni na nywele za watu tusiowajua zimejisokota ndani yake. Lilikuwa limetobolewa, likatiwa kamba ya kuvalia shingoni.

“Wot iz dhis?” akauliza.

Akatabasamu, akasema maneno marefu. Mpiga Pasi, aliyesoma kutupita kidogo, akatuinamia: “Anasema mtakijua wenyewe. Atakayesema Kiswahili humu ndani atalivaa, darasani na kazini, mpaka amnase mwingine akisema, naye amvishe. Na ni marufuku kulifua.”

Kwa kututafsiria hayo, Mpiga Pasi akawa wa kwanza kulivaa.

Basi hapo chumba chetu kikaharibika. Mpiga Pasi alipata akili ya kubana watu. Anakuja nyuma yako umeinama kwenye beseni, anakufinya ubavuni, unapiga kelele, na hata kelele ina Kiswahili chake. Ukisema “mama yangu” umekwisha. Alininasa hivyo. Nikalivaa siku nzima, unyevu wake unagusa kifua, nafua mashuka meupe huku mimi mwenyewe nanuka kama mtaro. Nilipokula nilionja tambara. Nilipomeza mate nilionja tambara.

Na aliyelivaa mara nyingi kuliko wote ni Redio, maana ni nani mwingine? Mtu ambaye maneno humtoka kama maji ya bomba bovu. Anasalimia, amevishwa. Anauliza sabuni iko wapi, amevishwa. Shingo yake ikatoka vipele. Tai akipita anasimama mbali, anafunika pua na leso yenye manukato, anasema, “Veri gud.” Hicho ndicho kilichonichefua zaidi, ile leso. Mtu anayepika chakula asichothubutu kukionja.

Mpiga Pasi alimtetea Tai. “Na yeye shuleni kwao alifundishwa hivyohivyo,” alisema, tukiwa nje kwenye mapipa, ambako angalau tuliruhusiana kuongea. “Ndiyo maana anakijua.”

“Na wewe umekijua?” nikamuuliza.

“Nimejua kufinya,” akasema, na akajicheka, lakini hakuniangalia.

Asubuhi moja zamu ya tambara ilikuwa yangu. Nilifika, nikaweka vitu vyangu na tambara kando ya beseni, nikapanga foronya, nikachemsha maji. Sasa, sisi wafuaji mikono yetu haina adabu ya kuuliza. Kikiwa kichafu na kiko karibu na beseni, kinaingia. Sikukusudia. Nilishtukia tu tambara linazunguka kwenye maji ya moto pamoja na foronya, sabuni imelishika, uchafu unatoka kama wino. Nikaingiza mkono haraka kulinyakua kabla halijachafua foronya, na maji yale yakaniunguza mpaka kwenye kiwiko.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimeshajifunza. Nilisimama nimeuma meno, mkono unachemka.

Redio akaacha kila kitu. Alinimwagia maji baridi, akanipepea kwa foronya, akasema, “Pole, mama. Pole sana.”

Na Tai alikuwa mlangoni. Siku hiyo alikuja mapema, sijui nani alimwita.

Aliliangalia tambara kwanza, si mkono wangu. Lilikuwa limetoka jeupe kidogo, unaona hata mistari ya buluu iliyokuwa imezikwa humo. Akalichukua kwa vidole vyake viwili, akaenda nalo kwenye ndoo iliyotoka kupigia deki vyoo vya wageni, akalizamisha, akalizungusha kwa fimbo ya ufagio, akalitoa linachuruzika. Hakulikamua. Akamvisha Redio, maji yale yakamtiririka ndani ya blauzi, kwa kosa la kusema pole.

Nimekwambia sina kinyaa. Siku hiyo nilitoka nje nikatapika kwenye pipa.

Tangu hapo Redio akazimika. Hakununa, hakulia, alizimika kama redio iliyoishiwa betri. Darasani kimya, kazini kimya. Nyumbani, ambako hakuna tambara wala Tai, kimya vilevile. Nikampaka mafuta mikono, hakuuma kanga wala kusema kitu. Nikamtega: “Kitendawili.” Akanitazama. Nikajitegea mwenyewe, “Namvua nguo kila asubuhi, namvika nyingine, wala haoni haya. Ni nani?” Hicho ni kitanda, hata wewe umekijua, na zamani angenijibu ni mwenye hoteli, kisha ni mume wake, kisha ndipo kitanda. Akainuka akaosha vyombo. Hata jina la mama hakuniita tena. Mwanangu alipopiga simu, aliisikiliza tu, akanipa mimi.

“Mkeo anaumwa?” akaniuliza mwanangu, amechanganyikiwa, utadhani mke ni wangu.

“Anajifunza Kiingereza,” nikamwambia.

Nilitaka kumwondolea lile tambara shingoni. Kazini nikasimama mbele yake nikasema makusudi, kwa sauti, “Haya, nasema Kiswahili, nasema, nasema. Nivishe mimi.” Akatikisa kichwa. Mpiga Pasi naye, haya zimemshika, akasogea akasema, “Dada, nivishe mimi basi, mimi ndiye niliyeanza.” Akatikisa kichwa. Hakutaka kumvisha mtu. Akafua nalo, siku baada ya siku, vidole vinavuja, ameinama kwenye beseni. Kitu kimoja tu kilinipa moyo. Nilimwona midomo ikicheza, bila sauti, juu ya maji. Anainua foronya, midomo inacheza. Anainua sabuni, midomo inacheza.

Siku ya kupimwa ikafika. Tulitandika shuka jeupe juu ya meza ya pasi, ikawa ndiyo meza ya mapokezi. Redio alisimama nyuma yake. Mimi na Mpiga Pasi hatukutaka nafasi ile, tulisimama ukutani kama vyombo. Mama meneja alikuwa anakuja, viatu vyake vinasikika koridoni.

Tai akamwona Redio, akaona alichovaa. Rangi ikamtoka. Akamsogelea akamnong'oneza, “Livue hilo, upesi. Unataka kuniaibisha?”

Kwa Kiswahili. Kizuri, chepesi, cha mtu aliyekinyonya na maziwa. Mpiga Pasi alinitazama, mimi nikamtazama Mpiga Pasi. Redio angeweza kumvisha palepale, sheria ni ya Tai mwenyewe. Lakini Redio hakumvisha hata yeye.

Mama meneja akaingia. Alikuwa mwanamke wa haraka, ana kalamu nyuma ya sikio. Akaishika kalamu, akasimama mbele ya meza akajifanya mgeni.

“Gud moning.”

Redio kimya.

Akamuuliza jina lake. Hata mimi hilo nilikuwa nalijua, mai neim iz, nikalisema kimoyomoyo kumsukuma. Kimya. Akamuuliza vyumba vipo? Kimya. Vidole vyake vilikuwa juu ya shuka, na pale vilipogusa vikaacha madoa mekundu, madogo, ambayo mimi nilijua ni nani atakayeyafua, na kwa mikono gani, na mpaka lini. Tai alikuwa anatabasamu kwa midomo tu, anaeleza kitu kwa Kiingereza cha mbio, nadhani anasema huyu ni mzito.

Mama meneja akapumua, akarudisha kalamu nyuma ya sikio. Akageuka nusu. Hapo ndipo pua yake ikamrudisha. Akakunja uso, akanusa huku, akanusa kule, akainama juu ya meza. Akakiona. Akarudi nyuma hatua moja, mkono mdomoni, kisha akaichukua tena kalamu yake na kuielekeza kifuani pa mkwe wangu, kwa mbali, kama mtu anayeonyesha mzoga.

“Wot iz dhis?”

Swali la siku ya kwanza. Tai akafungua mdomo, lakini hakuulizwa yeye.

Redio akalivua. Alilivua polepole, kwa mikono yote miwili, akalitandaza juu ya shuka jeupe tulilolipiga pasi asubuhi ile, akalinyoosha pembe zake zote kama tunavyonyoosha leso za mezani, mpaka ukungu ukaonekana na nywele zikaonekana na maji yake machafu yakaanza kusambaa kwenye shuka. Akainua uso, akamtazama mama meneja machoni, akamjibu kwa sauti yake ile ya zamani, inayofika mpaka kwenye mapipa:

“Dhis iz Inglish, madam.”