Bibi Aliyejifunza Kikorea kwa Dakika Arobaini

Nilimwambia Dorcus mara sita, na mara ya sita nilimwambia kwa kidole: usipige magoti. Mgeni akiingia simama wima, weka mikono tumboni, inamisha kichwa kidogo, inuka. Basi. Mtoto wa chekechea anaweza. Lakini Dorcus ni Mganda wa Masaka, amelelewa na shangazi mkali, na akiona mtu mwenye mvi, magoti yanashuka kabla kichwa hakijatoa ruhusa.

"Banange, jamani, dada Rispah," aliniambia, "ni magoti, si mimi."

Kazi yetu ni hii. Jumeirah Lake Towers, ghorofa ya tatu, Madam Yoon amefungua nyumba ya Kikorea. Kuna sakafu ya mbao, meza fupi za kukalia chini, milango ya karatasi, na kabati zima la hanbok, yale magauni mapana ya kwao. Kuna watalii wa Kihindi ambao wametazama tamthilia za Kikorea hadi macho yamevimba, lakini safari ya Seoul haijapatikana. Wakija Dubai kutembea, wanapitia kwetu nusu siku. Tunawavisha, tunawafundisha kupaka kabichi pilipili iwe kimchi, kumimina chai kwa mikono miwili, kuinama. Wanapiga picha mia tatu na kurudi kwao wakisema Korea wameiona. Mwenyeji wao ni mimi, Rispah wa Nyamira. Madam alinifundisha mwaka mzima, na sasa utepe wa hanbok naufunga nimefumba macho.

Dorcus nilimleta mimi. Tunakaa chumba kimoja Karama, kitanda changu juu, chake chini. Alikuja kwa visa ya matembezi, na nilimpigia debe kwa Madam hadi akakubali kumjaribu wiki mbili. Siku ya tatu aliingia baba mmoja kutoka Pune, nywele nyeupe pe, na Dorcus akashuka mzimamzima mbele ya viatu vyake. Yule baba akapiga kelele kwamba dada amezimia. Mkewe akamwagia Dorcus maji ya chupa, mtoto wao akamtia peremende mdomoni. Dorcus, kwa adabu, akaimumunya. Madam alimwita jikoni na kumwambia, "Mara moja tena, khalas, kazi imekwisha."

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumanne, na visa ya Dorcus ilikuwa inaisha Alhamisi. Tulikuwa tunatembelewa na Hala, mama wa kampuni ya utalii anayepanga safari za Wahindi. Akipendezwa, ataleta kikundi kila wiki, na Madam atamwandikia Dorcus visa ya kazi. Asipopendezwa, Dorcus atafungasha. Madam alitueleza hivyo waziwazi huku akifuta vikombe.

Asubuhi hiyo mama yangu alipiga simu mara mbili nikiwa napiga pasi magauni. Nilikata zote mbili. Mama akipiga huwa hana jambo, anauliza tu kama nimekula, na mimi siku hiyo nilikuwa na mambo.

Wageni walikuwa familia ya watu tisa kutoka Rajkot. Binti mmoja, Kinjal, alikuwa amemwandalia bibi yake sherehe ya kutimiza miaka sabini kwa desturi ya Kikorea. Mzee anavalishwa, anakalishwa nyuma ya meza iliyorundikwa matunda na vitumbua vya mchele vya rangi rangi, kisha wanawe na wajukuu wanakuja mmoja mmoja kumwinamia hadi sakafuni. Wazo zuri sana. Ila mwenye miaka sabini hakuulizwa.

Jina lake Hasumati, na wote wanamwita Ba. Tulimletea hanbok ya waridi, akasema kwa Kigujarati neno ambalo Kinjal alikataa kututafsiria. Akakaa na sari yake nyeupe, mikono amefumbata. Kwa kuwa wao hawali samaki wala kitunguu saumu, kimchi tuliitengeneza bila hivyo, ikabaki kabichi, pilipili na masikitiko. Ba akainusa na kuisukuma pembeni. Chai akaichungulia, akauliza maziwa yako wapi. Mwanawe wa kwanza alipokuja kuinama alifika nusu, kiuno kikakataa, akabaki pale hadi mkewe akaja kumnyanyua. Wa pili aliinama simu ikiwa sikioni. Hakuna aliyemtazama mama yao usoni, na yeye hakumtazama yeyote. Hala aliangalia saa yake mara ya tatu.

"Maji," Madam akanong'ona. "Mpelekeeni maji, yalla."

Mimi nilikuwa nimeshikwa na utepe wa mjukuu asiyetulia. Dorcus akachukua trei. Nilimtolea macho, nikamwonyesha kidole kile kile cha mara sita. Akaitikia kwa kichwa kuwa ameelewa, akaenda vizuri kabisa, mgongo umenyooka, hadi akafika mezani. Ba akainua uso. Mvi tupu, na macho ya mtu aliyechoka kusherehekewa.

Nikayaona magoti yanalegea. Nikasema moyoni, haya, twende uwanja wa ndege.

Dorcus alishuka taratibu, miguu akaikunja upande mmoja, trei kwa mikono miwili, macho sakafuni. Na kana kwamba hilo halikutosha, akafungua mdomo.

"Mwasuze mutya, nnyabo?"

Ni Kiganda hicho, umeamkaje mama. Madam Yoon akafumba macho. Mjukuu wangu wa utepe, kwa mara ya kwanza, akatulia.

"Bulungi," akasema Ba.

Alilisema polepole, kama mtu anayejaribu kiatu alichokiacha zamani aone kama bado kinaingia. Kisha akaendelea, "Mwasuze mutya?"

Mganda hashtuki katikati ya salamu. Dorcus hakuinua hata kope. "Bulungi, nnyabo. Abeeka bali batya?" Wa nyumbani hawajambo?

"Gye bali." Wapo, wazima.

"Mmm," akasema Dorcus.

"Mmm," akajibu Ba.

"Mmm."

Huko kuguna ni sehemu ya salamu, na hakuna haraka. Niliwahi kumwona Dorcus akiguniana hivyo na Hamuza, Mganda mwenzake, mlinzi wa jengo letu, pale kituo cha metro, hadi treni mbili zikapita. Hawa wawili nao wakaguna, huyu akipokea na yule akirudisha, na machozi yakaanza kumtiririka Ba bila yeye kuyafuta.

"Ba anaongea Kikorea!" Kinjal akapiga yowe. "Jamani, Ba anaongea Kikorea!"

Simu nane zikainuliwa. Hala akasimama wima. "Amefika saa ngapi huyu mama?" akaniuliza.

"Dakika arobaini zilizopita," nikamjibu. Sikusema uongo wowote hapo, ndivyo ilivyokuwa.

Mwana wa kwanza, aliyejua vizuri mama yake alizaliwa wapi, alifungua kinywa kueleza. Ba alimtupia jicho moja tu, akakifunga. Kisha akamgeukia Dorcus kwa Kiswahili chenye kutu.

"Wewe toka wapi, mwanangu?"

"Masaka, mama."

"Mimi Jinja. Duka ya baba ilikuwa karibu na soko." Akavuta pumzi. "Sisi Wahindi ilifukuzwa Uganda mwaka sabini na mbili, mimi msichana wa miaka kumi na saba. Rosina, yule alilea mimi, kila asubuhi alipiga magoti hivi, akasalimia, mimi najibu. Siku ya kuondoka alipiga magoti barabarani, kwa vumbi. Akasalimia. Gari ilikuwa inaondoka, mimi nalia, sikujibu." Akamwekea Dorcus mkono kichwani. "Leo nimejibu."

Katika chumba kile tulioelewa yote ni Dorcus na mimi, na wala sikuwa na mahali pa kuficha uso ila ndani ya hanbok ya mtoto wa watu.

Ba akapenga kamasi kwa upindo wa sari, akapiga meza kofi, akadai lile gauni la waridi. Alipokwisha kulivaa, akawaita wanawe, akawaonyesha Dorcus, akatoa amri ambayo haikuhitaji mkalimani. Safari hii hata kiuno kilichokataa kilikubali. Simu iliyokuwa sikioni ikaachwa kwenye viatu. Waliinama, na Ba akawashika vichwa mmoja mmoja kwa mikono miwili, akiwatazama usoni. Halafu akala kimchi yote, na vitumbua viwili vya mchele, akauliza tena kuhusu maziwa.

Hala akamvuta Madam pembeni, karibu na mimi. "Miaka yote ya kazi hii sijaona kitu kama hiki. Mtu amejaa utamaduni mpaka lugha imemtoka! Hii salamu ni ya upande gani wa Korea?"

Madam Yoon ni mtu mkweli. Miaka yote sijamsikia akidanganya, hata kuhusu pilipili. Alimtazama Dorcus, ambaye bado alikuwa chini, na trei yake, akisubiri kuambiwa ainuke afukuzwe kazi.

"Ya kusini," nikadakia.

Madam akanitazama, kisha akamgeukia Hala.

"Kusini sana," akasema.

"Naitaka kwa kila mzee, kila kikundi," Hala akasema. "Na wawe wenyeji wawili, si mmoja."

Wageni walipoondoka, Madam alichukua pasipoti ya Dorcus na kupiga simu ya visa papo hapo. Dorcus alilia, mimi nikalia, Madam akatupa tishu akisema tusichafue hariri. Kisha akanigeukia. "Na wewe, Rispah, ujifunze."

"Nijifunze nini, madam?"

Akaonyesha sakafu.

Nilimweleza kwamba sisi watu wa Nyamira hatupigi magoti ila kanisani na tukitafuta kiatu uvunguni. Akaionyesha tena. Dorcus, niliyemnyooshea kidole mara sita, alivuta kiti, akakaa awe ndiye mzee, akaninyooshea kidole.

"Shuka, dada. Si hivyo, unashuka kama umeangusha funguo. Tena. Magoti yako yana kiburi."

Mara ya nne akaridhika. Nikamsalimia, akajibu, nikajisikia mjuzi. Kisha akaniuliza, "Abeeka bali batya?"

Jibu nilikuwa nimelishika tangu asubuhi, nikafungua mdomo.

"Ngoja," akasema Dorcus. "Hapa hatuongopi. Mama yako hajambo?"

Nilifikiria simu mbili za asubuhi. Nikafikiria ile ya Jumapili, na ile ya wiki iliyotangulia, niliyosema nitairudisha.

"Sijui," nikasema.

Dorcus hakuguna. Nikatoa simu mfukoni nikiwa bado chini vile vile, nikapiga. Mama alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Rispah? Umekula?"

"Ngoja kwanza, mama," nikamwambia. "Wacha nikusalimie."