Chumvi ya Padri

Maji yaliyokuwa ya manjano kama bia yaligeuka kijivu tone la dhahabu iliyoyeyushwa lilipoingia, kisha tope jepesi likatuama chini ya chupa. Mwalimu Kalala aliyatazama bila kupepesa macho. Kwa miaka miwili, huku majeshi yakipokezana mji wa Butembo, alikuwa akitengeneza humo majini chembe za madini ya fedha, ndogo kupita vumbi, ili azivike dhahabu. Tone moja la dhahabu lingegeuza manjano kuwa rangi ya chungwa. Matone zaidi, nyekundu, kisha zambarau. Rangi angeichagua mwenyewe. Chuo kimoja cha ng'ambo kilimwahidi nafasi akipeleka chupa hizo. Dhahabu ilitoka kwenye pete ya ndoa ya mkewe, Rébecca, aliyeivua kwa hiari.

"Nani amegusa maji yangu?"

Rébecca akatoka jikoni. "Ni mimi, Papa. Niliweka maji ya baraka, kidogo tu. Basoda na bunduki zabo bako karibu, nilitaka Mungu akuchunge."

Padri hubariki maji kwa chumvi, na chumvi huiharibu fedha. Kalala akapandwa na hasira. "Chumvi ya padri imeua kazi yangu! Nilioa mutu hana akili!"

Majirani walisikia. Kesho yake Rébecca akapanda lori kwenda kwa mama yake, Beni. Siku mbili baadaye mapigano yakafunga barabara.

Kalala alijaribu tena kwa maji safi. Kijivu. Mara ya tatu, kijivu kile kile. Hapo ndipo alipoikagua dhahabu yenyewe, akagundua kwamba kwa haraka yake hakuikausha vizuri tindikali aliyoiyeyushia, na mabaki yake ndiyo yaliyoiharibu fedha. Kosa lilikuwa lake tangu mwanzo. Aibu ilimtafuna. Aliirekebisha, rangi zikaja zote, moja baada ya nyingine, naye hakufurahi hata kidogo.

Barabara ilipofunguliwa, hakupeleka chupa popote. Alikwenda Beni, njia nzima akirudiarudia maneno ya kuomba radhi.

Mama Mariette, mkwewe, alimpokea mlangoni akiwa amenyoa kichwa.

"Malaria, mukwe wangu. Dawa hapana. Sasa wiki tatu." Akamshika mkono. "Alinituma kwako. Alisema, mama, umuombe Kalala anisamehe, niliharibu kazi yake."

Kalala akaketi kizingitini.

"Donc, basi, umemusamehe?" mama akauliza. "Kesho naenda kwa kaburi. Nataka nimuambie."