Bati Nene Ukutani

Muuza mabati alidhani nimekosea. Nilimwambia nataka mabati mazito ya ukuta na mepesi ya paa, akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Dada yangu, watu wote hununua kinyume. Mvua inanyesha juu, hainyeshi ubavuni."

"Mvua haijawahi kunipiga teke," nilimjibu.

Akaacha kucheka. Alilitazama jicho langu la kushoto, ambalo lilikuwa bado halijafunguka vizuri, kisha akatoa mabati matatu akayaegemeza kwenye meza ya chuma: geji thelathini na mbili, thelathini, na ishirini na nane. Namba ikipungua, bati linanenepa. Niliyapiga teke moja moja. La kwanza lilibonyea kama kopo. La pili likabaki na alama. La tatu liliniumiza kidole.

"Hilo," nikasema.

Mume wangu majirani walimwita Radi, kwa sababu alipiga kwanza, sauti ikafuata. Mlango wa chumba tulichopanga aliuvunja mara mbili. Siku niliyojifungia jikoni, aliupasua ukuta wa bati kwa mguu akaniburuta nje kupitia tundu hilo hilo. Ndipo nikakimbilia kwa mama yangu. Mama alikuwa na kiwanja alichoachiwa na marehemu baba, hakina hata kibanda. Tukamwomba Mungu, tukaamua kujenga wenyewe.

Paa alilipiga fundi kwa siku moja, nami nikimshikia mabati. "Msumari ni mgongoni mwa wimbi la bati," alinifundisha. "Ukipiga bondeni, maji yatakufuata mpaka kitandani." Akaenda zake. Kuta nilizipiga mwenyewe siku nne, nikilifuata somo lake neno kwa neno: kila msumari mgongoni. Hakuna aliyeniambia kwamba ukutani ni kinyume, kwamba msumari hupigwa bondeni, pale bati linapoikumbatia nguzo. Mabati yangu yalikuwa manene, lakini yalining'inia kwenye misumari, yakicheza.

Radi alikuja Jumamosi mchana, siku ya tatu baada ya kuhamia.

"Fungua! Nimemfuata mke wangu."

Mama alikuwa amekaa karibu na ukuta, akishona pindo la pazia. Hakuinua kichwa. "Mke si mwavuli, baba, kwamba uliusahau mahali."

"Wewe bibi kizee, leo nitawazika humo wote wawili!"

Teke la kwanza lilitikisa nyumba nzima. Bati halikubonyea. La pili, la tatu. Nikamsikia akitukana huku akiruka kwa mguu mmoja.

"Bwana asifiwe," mama alisema, "na kiwanda pia."

Kisha Radi akanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikasikia chuma kikikwaruza pembeni mwa bati, kikitafuta, na kikapata. Alikuwa na kipande cha nondo. Msumari wa kwanza ulilia ukatoka. Wa pili. Wa tatu. Mwanga ukaingia kando ya nguzo, mwembamba, ukazidi kupanuka. Nikaliona jicho lake.

"Kumbe uko hapo," alisema kwa upole.

Akaichomeka nondo ndani kwa nguvu zake zote. Haikunipata. Ilimchoma mama begani, akaanguka na kiti chake, pazia likalowa damu.

Sikumbuki nilivyochukua nyundo. Radi alikuwa ameingiza vidole vinne, amelikamata bati kwa ndani ili alivute. Niliipiga nondo. Nikaipiga tena. Nondo ikamponyoka, na bati lile nene likarudi kwenye nguzo kama mlango uliofungwa na upepo. Likambana vidole vyote vinne, ukingo ukiwa ndani ya nyama.

Sijawahi kumsikia mwanamume akilia vile. "Mke wangu, nionee huruma! Lisukume bati! Nakufa!"

Kulisukuma nje kulikuwa rahisi. Bega langu lingetosha. Lakini mkono wake wa pili ulikuwa huru, na nondo ilikuwa miguuni pake. Damu ilitiririka kwenye bonde la bati. Nikapiga magoti katikati ya watu wawili wanaotokwa damu, nikamuuliza Mungu nianze na yupi.

"Mimi," mama alisema kutoka sakafuni. "Yeye hatakwenda popote."

Nikamfunga bega kwa lile pazia. Niliita majirani mpaka sauti ikakauka. Walikuja wanaume watatu, na walipokuwa wamemshika Radi mwili mzima, mmoja akiwa na nondo mkononi, ndipo nilipoweka bega ukutani nikasukuma.

Jumapili sikwenda ibadani. Fundi alikuja mapema, akatazama misumari mara moja, akashika kichwa. "Dada, mimi ndiye wa kulaumiwa. Sikukuambia habari ya ukuta." Tukaanza kung'oa yote. Mama, mkono mmoja ukiwa umefungwa shingoni, aliimba zaburi huku akinipa misumari mipya.

Saa sita wifi yangu akafika, akasimama mbali. Alisema hospitalini wamemkata kaka yake vidole viwili, na ameapa kwamba akitoka atarudi.

Nilimwambia nimesikia. Nilikuwa nimebakiza ukuta mmoja.