Kati ya Gia ya Tatu na ya Nne

Goti la kushoto la Baba lilipogoma kukanyaga klachi, niliifungia pikapu yake giaboksi ya otomatiki na kompyuta ndogo ya kuiongoza. Humo ndimo ninamoandika gari libadili gia likiwa na mwendo gani na mafuta yakiwa yamekanyagwa kiasi gani. Ndiyo kazi yangu. Watu huniletea magari yanayoshtuka, nami huyarudisha yakiwa na adabu. Sikutegemea kwamba la baba yangu ndilo lingenitia aibu.

"Limechanganyikiwa," Baba aliniambia. "Linaingia ya nne, linajuta, linarudi ya tatu. Mimi nimeendesha malori miaka thelathini na nne, sijawahi kujutia gia."

Kaka yangu mkubwa anaamini kwamba uzee ni ugonjwa unaotibiwa kwa kumnyang'anya mgonjwa vitu vyake. Alishachukua ngazi. Alishachukua jiko la gesi akaleta la umeme. Sasa alikuwa ameikodolea macho pikapu. Alisema Jumamosi angekuja kupanda na Baba, na gari likishtuka mara moja tu, anaondoka na ufunguo. Bila pikapu Baba angebaki nyumbani akisubiri mtu akumbuke kumpitia, na baba yangu hajui kusubiri hata maji yachemke.

Jumatano tuliingia barabarani, yeye kwenye usukani, mimi kando yake na laptop mapajani. Tuliizunguka barabara ya nyuma ya kiwanda mara kumi na moja. Nilisogeza gia ya nne kutoka mwendo wa kilomita hamsini na mbili kwa saa hadi hamsini na tano, kisha hamsini na nane. Kila nikibadilisha namba, Baba alisema "bado" kwa sauti ya mtu anayeonja chumvi. Mara ya tisa nilimjibu vibaya. Mara ya kumi akanikumbusha nani alinifundisha kushika spana.

Jioni nilifungua rekodi ya safari. Kwenye barabara tambarare, mstari wa pedali ya mafuta unapaswa kunyooka. Wa Baba ulikuwa na meno kama kitana. Nikasema ni waya. Nikapima waya, ukawa mzima. Nikabadilisha kihisi cha pedali, kinachoiambia kompyuta mguu umekanyaga kiasi gani, maana mtu asiyetaka kuelewa hakosi spea za kununua. Alhamisi asubuhi nikaendesha mwenyewe, barabara ileile, na mstari ukanyooka.

Gari halikuwa limechanganyikiwa. Lilikuwa linatii. Mguu wa kulia wa Baba ulikuwa unatetemeka, na kila ulipotetemeka gari lilidhani ameomba gia nyingine.

Niliogopa. Niliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi, kisha nikafanya ninachokijua. Niliiambia kompyuta iingize gia ya nne kwenye hamsini na nane na isiirudishe ya tatu mpaka mwendo ushuke hadi arobaini na moja. Nikaiambia pia ipuuze misogeo midogo ya pedali. Ilinichukua dakika kumi, pamoja na chai.

Jumamosi Kaka alikaa mbele, mkanda umembana, uso wa mkaguzi. Mimi nilikaa nyuma. Baba alipanda mlima, akashuka, akazunguka kiwanda, na gari halikushtuka hata mara moja. Kaka hapendi kushindwa, lakini si mwongo. Tuliporudi nyumbani alisema, "Haya, Mzee, gari lako," akaingia kwenye lake akaondoka. Nilifurahi kwa namna isiyopendeza.

Nikahamia kiti cha mbele. Baba hakuwa amezima injini.

"Fundi," alisema. Huniita hivyo asipokuwa na utani. "Mguu bado unatetemeka. Mimi nausikia. Gari ndilo haliusikii tena. Umelifanyaje?"

Nilimweleza.

"Kwa hiyo linanipuuza."

"Kidogo tu. Kwenye mambo madogo."

"Kama marehemu mama yako."

"Ndiyo, Baba."

Alicheka kidogo, kisha akainama akautazama mguu wake wa kulia.

"Na breki? Nayo umeipangia?"

Breki haina namba za kuandika. Breki ni mguu na chuma, na mguu wenyewe ndio uleule. Nililijua hilo tangu Alhamisi, nikalipita kama mtu anayempita mdai wake njiani. Nilitamani aniulize swali jingine lolote.

"Hapana, Baba."

Alizima injini. Nilianza kulia. Baba hajawahi kujua afanye nini na mtu anayelia, kwa hiyo aliniachia nafasi, akatoa simu na kumpigia Kaka, ambaye hata njia panda alikuwa hajaifikia.

"Rudi uchukue ufunguo," alimwambia. "Mtihani ule kafanya mdogo wako."