Mikono Yenye Dizeli

Mimi Mrisho nina mdomo. Marehemu baba aliniambia tangu nikimsaidia dukani, pale Singida mjini, kwamba ulimi uliponza kichwa, nami nikadhani anawasema wengine.

Lori letu la kubebea alizeti ni la zamani kuliko ndoa yangu. Kila asubuhi lilikuwa limevuta hewa, haliwaki mpaka dereva wangu, mzee Ezekieli wa Kinyangiri, ainame pembeni ya injini asukume pampu ya mkono. Alisukuma miaka hadi kidole gumba kikaota sugu. Kwa hiyo nilipopata pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari dogo la petroli, nilijiona mkombozi. Niliifunga mwenyewe, kati ya tangi na injini. Ukizungusha ufunguo, inavuma kidogo, lori linawaka hapo hapo. Mzee Ezekieli alicheka na kukitazama kidole chake.

Fundi Leonidas, jirani yangu, hakucheka.

"Ile ya zamani ya mkono itoe kabisa kwenye injini, uzibe ilipokaa," alisema. "Ndani yake kuna mpira. Upande huu dizeli, upande ule oili ya injini. Mpira wenyewe umechoka, na hii ya umeme inasukuma kwa nguvu. Itautoboa."

Nikamjibu akiba haiozi. Ya umeme ikifa njiani, si tutarudi kwenye ya zamani? Sijazoea kutupa kitu. Nikaiacha pale pale, dizeli ikawa inapita humo humo.

Wiki ya pili mzee Ezekieli alinijia.

"Bosi, oili inapanda. Juzi ilikuwa kwenye alama, leo imepita. Na sijaongeza hata tone."

"Wenzako wanalia injini inakula oili, wewe unalia inazaa?" nilimwambia. Akacheka, kwa adabu tu, nadhani.

Siku hizo hizo nikagundua dizeli inapungua kuliko kawaida. Kila safari lita nne, tano, hazionekani. Akili yangu, badala ya kwenda kwenye injini, ilikwenda kwa mtu. Kila mwenye lori amesikia habari za madereva na mpira wa kunyonyea mafuta, na mimi nilijiona mjanja kwa kuzikumbuka.

Siku ya mnada wa Kinyangiri, mzee Ezekieli akiwa ametangulia na lori, nikapanda basi, nikamfuata kimya kimya. Nilimkuta kando ya lori, ameshika kile kijiti cha kupimia oili. Aliponiona uso wake ulichangamka.

"Bosi, afadhali umekuja. Hebu nusa. Oili inanuka dizeli."

Sikumwamkia. Mtu wa umri wa baba yangu, ambaye kila asubuhi nilimpa shikamoo yake, nilimkamata kifundo cha mkono nikauinua juu mbele ya mnada mzima.

"Nuseni wenyewe! Nuseni mikono ya mzee wa kanisa! Dizeli yangu hii!"

Watu walisogea. Muuza mbuzi mmoja alinusa kweli, akatikisa kichwa. Mke wa mzee Ezekieli, mama Rebeka, alikuwa hatua kumi tu kutoka pale, anauza vitunguu. Mzee Ezekieli alinipa ufunguo, akajifuta mikono kwenye suruali, akaenda kumsaidia mkewe kufunga vitunguu ambavyo havijauzwa. Wakaondoka.

Lori nililirudisha mwenyewe. Sijafika Iguguno, injini ikaanza kugonga, kisha ikanyamaza. Lilivutwa na gari jingine hadi kwa Leonidas. Alifungua nati ya chini, akaweka beseni. Likajaa. Akaweka la pili, nalo likajaa. Oili ilikuwa nyepesi kama maji na harufu yake ni dizeli tupu. Kisha akaifungua ile pampu yangu ya akiba, akanionyesha mpira. Ulikuwa umechanika, mahali padogo kama ukucha tu.

"Nani alipima oili mara ya mwisho?"

"Mzee Ezekieli."

"Na hakukwambia?"

Bora angenizaba kibao. Nikajifanya natafuta simu mfukoni.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa mzee Ezekieli na sukari na khanga, siku isiyo ya mnada, saa ambayo watu wako shambani. Ndiyo, nilichagua saa. Nilisema yote, yeye akasikiliza huku akipukuchua mahindi.

"Nimeshakusamehe," alisema. Nikashusha pumzi, nikataka kuaga.

Mama Rebeka ndiye aliyenizuia. "Mzee amesamehe, ni sawa. Lakini siku ile hukusema kwa sauti ndogo, baba. Tangu hapo kapu la sadaka amekataa kulishika. Anasema mikono yake watu wameshaijua."

Mnada uliofuata nilirudi na kopo la ile oili. Nilipanda juu ya mkokoteni, mahali pale pale. Safari hii sikuanza na mdomo. Nikatumbukiza mikono yote miwili kwenye kopo, nikaiinua.

"Mimi Mrisho nilimwita mzee Ezekieli mwizi hapa. Dizeli hakuiba mtu. Pampu niliyoifunga mwenyewe iliimwaga ndani ya injini yangu. Fundi alinionya. Mzee alinionya mara mbili. Njooni basi, nuseni mikono yangu!"

Mmoja alipiga mluzi, wengine wakacheka. Hakuna aliyekuja. Oili ilinitiririka hadi kwenye viwiko, ikaingia ndani ya mikono ya kanzu. Nilitamani mtu anitukane, walau jambo liishe.

Ndipo mzee Ezekieli akapenya kati ya watu, na jagi la maji na kipande cha sabuni.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Shuka, mwanangu. Shusha na mikono, watu wanaangalia."

Nilishuka. Akanimiminia maji taratibu, kama mgeni anayenawishwa kabla ya chakula. Uso wake sikuweza kuutazama. Nilitazama kidole gumba kilichoshika jagi, na ile sugu yake.